Maji Hayasahau Njia Yake



Mvua inyeshapo, natukae barazani tuyatazame maji yapitayo juu ya mchanga. Kwanza hutapakaa kila upande. Kisha hujichimbia vijifereji, navyo hukutana kimoja na chenziwe, vikawa mfereji mmoja ulio mpana. Hata mvua ikianuka, mchanga umechorwa mfano wa mti wenye shina na matawi. Hapana mwanadamu aliyeuchora. Ndiyo kanuni aliyoiweka Mwenyezi Mungu katika viumbe vyake.

Umbo hilo hilo twaliona katika mto Tana na vijito viuletevyo maji kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Twaliona katika jani la mwembe, na katika mapafu yetu, ambamo njia ya pumzi hugawanyika mbili mbili kiasi cha mara 23. Mwaka 1926 mtaalamu wa Marekani, Cecil Murray, aliipigia hesabu mishipa ya damu. Mshipa ukiwa mwembamba mno, moyo hutaabika kusukuma. Ukiwa mpana mno, mwili hulemewa na damu nyingi kupita haja yake. Baina ya mawili hayo pana kadiri: mshipa ugawanyikapo matawi mawili yaliyo sawa, kila tawi hupata kiasi cha asilimia 79 ya upana wa shina lake. Na mwaka 1996 mhandisi Adrian Bejan, mzaliwa wa Romania, alitoa kauli kwamba kila chenye mkondo, ili kidumu, hapana budi umbo lake ligeuke kwa namna ya kuurahisisha mkondo huo.

Wako wasemao kwamba hii ni elimu ya dunia, haituhusu. Sisi twasema, la. Ibn al-Nafis, aliyefariki Misri mwaka 1288, ndiye aliyeeleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni, ndipo ikafika upande wa kushoto. Naye alikuwa mwanachuoni wa fiqhi katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu. Na watu wa Oman tangu kale wameyaongoza maji ya falaji kwa mteremko tu, bila ya pampu, wakayagawa kwa zamu hata kila shamba likapata haki yake. Hao waliitazama kanuni ya Mola wao, wakaifuata.

Ama sisi twafanyaje? Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua za El Niño zilileta mafuriko hapa pwani, na maji yakaingia majumbani. Wengi wakasema, "Ni kadari." Naam, mvua ni kadari. Walakini, ni nani aliyejenga ukuta juu ya mkondo wa maji? Ni nani aliyetupa taka mferejini usiku, akidhani haonekani? Si haki mtu kutenda kwa mkono wake, kisha akamsingizia Mola wake.

Wala mtu asiseme, "Langu ni dogo." Katika mshipa mwembamba, upana ukipungua nusu, ugumu wa damu kupita hauongezeki mara mbili, bali mara 16. Kizuizi kidogo huleta dhara kubwa. Na mfereji ukizibwa mtaa wa chini, maji huwarudia walio juu. Nao hawakukosa lolote ila ujirani.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kuondosha udhia njiani ni katika imani. Basi udhia gani ulio mkubwa kuliko maji machafu kuingia chumbani mwa mjane, au kupita mbele ya mlango wa msikiti?

Kwa hivyo twawanasihi ndugu zetu, na sisi wenyewe kwanza. Kabla ya masika, kila mtaa na uzibue mfereji wake. Aliyejenga juu ya njia ya maji na abomoe kwa hiari yake, ijapokuwa ni uzito. Kwani maji hayasahau njia yake, na yatakuja kuidai. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza: usipozibua mfereji utajenga nyumba.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kutazama wakazingatia, na wenye kuzingatia wakatenda. Amin.