Maji ya Chai Wakati wa Kiangazi

Ni ada ya watu wengi kuketi kwa chai kila siku baada ya sala ya alfajiri: masika ya tangawizi, kiangazi ya mchaichai. Asili ya jambo hili ni mubaha. Lakini mwenye kutia nia ya kupata nguvu za kutafuta halali, akapiga bismillahi, akanywa kwa utulivu, hupata thawabu.

Wengi, hata hivyo, huanza mazingatio yao kikombeni, na mahali pake ni kwenye maji. Na atazamwe Muislamu akaaye Sitalike, kando ya mto Katuma, penye hifadhi ya Katavi. Kiangazi mto hukatika, ukabaki madimbwi, na viboko wengi hubanana humo, wakala nyasi usiku na kunya majini mchana. Katika madhehebu ya Imamu Shafii kinyesi cha kila mnyama ni najisi. Maji yaliyotimia kulla mbili, kama lita 200, hayanajisiki mpaka yageuke rangi, au tamu, au harufu. Yakigeuka kwa najisi hayafai, yangawa mengi, wala kuyachemsha hakuyatwahirishi. Basi iliki ifichayo harufu ile haikumfaa mnywaji, imemdanganya.

Yampasa aulize maji yametoka wapi. Akiambiwa ni ya kisima cha mbali, na aulize pia ni nani aliyeyabeba. Mara nyingi ni mkewe au bintiye, aliyetoka na ndoo huku yeye yumo katika nyiradi zake. Katika adabu za Mtume, sala na amani zimshukie, anyweshaye watu hunywa mwisho. Basi na ashike birika mwenyewe, ammiminie huyo kwanza.