Mkesha wa Sinema za Kutisha

Wazazi wapenzi, huko Chicago, katika nchi ya Marekani, ipo nyumba ya sinema iitwayo Music Box, iliyofunguliwa mwaka 1929. Kila Oktoba huonyesha sinema za kutisha kwa saa 24 mfululizo, nao watu hukesha wakitazama wafu watokao makaburini. Nyumba zisizo za makampuni makubwa hutafuta riziki kwa namna hiyo, wala hatuzilaumu.

Je, kijana Mkatoliki akiombwa kuandaa na kutangaza mkesha wa namna hiyo, akatae? Tusiwe wepesi wa kulaani. Papa Pius XII, katika waraka wake Miranda Prorsus wa mwaka 1957, alizihesabu sinema kuwa zawadi za Mungu. Na orodha ya sinema 45 iliyotolewa Vatikano mwaka 1995 inayo Nosferatu ya mwaka 1922, habari za mfu anyonyaye damu! Lakini ipo sinema inayouonyesha uovu kuwa ni uovu, na ipo inayoyafanya mateso ya mwanadamu kuwa kichekesho. Mwenye kutangaza atajibu kwa ajili ya mtoto aliyepenyezwa mlangoni.

Jambo moja latuuma. Kijana akeshaye saa 24 bila kufumba jicho, usiku wa Pasaka husinzia kabla ya somo la tatu. Pengine sisi mapadre tumeutangaza ushindi wa Kristu juu ya kaburi kama wasomao orodha ya bei.

Basi mwana wenu na aandae, bali azitazame kwanza yeye mwenyewe, na mkesha wake usiile saa ya Misa ya Dominika.