Goli Ambalo Halikuingia



Kijana mwenzangu, leo naomba tukae kidogo jukwaani pale Nyamagana, ule uwanja wa katikati ya jiji la Mwanza. Mechi yenyewe ni ya ligi ya chini. Kamera hakuna, watu ni wa kuhesabu, muuza karanga anapita mara ya tatu. Waache washambuliaji. Mwangalie yule beki wa kati, namba tano.

Anafanya nini dakika zote tisini? Anaruka kupiga kichwa, anaziba njia, anamwita mwenzake arudi, anautoa mpira nje. Mechi ikiisha ukaulizwa kafanya nini, unakwama. Maana akifanya kazi yake vizuri, hakuna kinachotokea. Goli ambalo halikuingia haliandikwi popote.

Ila akikosea mara moja tu, mji mzima unajua. Watu wa Mwanza tunaukumbuka mwaka 2017. Mwezi Aprili, pale CCM Kirumba, Mbao FC waliwatoa Yanga 1-0 kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, na goli lenyewe beki wa Yanga alijifunga. Mwezi Mei, fainali kule Dodoma, Mbao nao wakafungwa na Simba 2-1 kwa penalti ya mwisho mwisho wa muda wa nyongeza. Msimu mzima wa kuokoa mipira, halafu watu wanakumbuka sekunde mbili.

Nami nina dhambi yangu hapo. Kuna kaka mmoja wa jumuiya yetu, alicheza beki timu za madaraja ya chini kwa miaka mingi. Asubuhi alibeba magunia ya dagaa Mwaloni, jioni mazoezini. Jumamosi moja aliteleza ndani ya kumi na nane, straika akapita, tukafungwa. Nilisimama jukwaani nikamtukana. Kwa jina. Mbele ya mdogo wake.

Kesho yake nikaenda misa ya kwanza. Nani yuko mlangoni anapanga mabenchi? Yeye. Nikataka kupitia mlango wa pembeni, akaniwahi: "Mdogo wangu, jana ulipiga kelele sana. Sauti imepona?" Nikaanza kujiumauma kuomba msamaha. Akanikabidhi upande mmoja wa benchi tubebe wote. "Jumamosi tuna mechi nyingine," akasema. "Uje."

Sijasikia mahubiri mafupi kuliko hayo, wala yaliyoniingia zaidi.

Sasa twende kwenye Matendo ya Mitume, sura ya kwanza. Yuda hayupo tena, nafasi yake iko wazi. Petro anataja sifa ya kuijaza, na si kuongea vizuri wala kufanya miujiza. Anataka mtu aliyekuwa pamoja nao muda wote, tangu ubatizo wa Yohane hadi siku Bwana alipopaa. Wanapiga kura, inamwangukia Mathia.

Fikiria hilo. Mathia alikuwepo kwa miaka yote ile, na Injili hazimtaji kwa jina hata mara moja. Hakuwa kwenye orodha ya wale Kumi na Wawili. Na baada ya kuchaguliwa, Matendo ya Mitume hayarudii tena habari zake. Mtu wa mistari michache tu! Lakini Kanisa linamwadhimisha kila tarehe 14 Mei kama mtume kamili. Wenzake walipotafuta shahidi, walimkuta palepale alipokuwa siku zote.

Na yule mwenzake, Yusufu aliyeitwa Barsaba, naye alikuwa na sifa zilezile. Kura haikumwangukia. Je, uaminifu wake ulipotea bure? Hapana. Mungu hasubiri tangazo ndipo aone.

Hapa tuna mfano wa karibu. Pamba walishuka Ligi Kuu mwaka 2001, wakarudi mwaka 2024 wakiitwa Pamba Jiji. Miaka 23! Muda huo ni mrefu kuliko maisha ya uwanjani ya mchezaji wa kawaida. Maana yake wapo waliovaa jezi ile, wakapanda mabasi ya usiku, wakaumia magoti, wakastaafu, bila kuiona Ligi Kuu. Siku ya sherehe hawakuwa uwanjani. Lakini bila wao, 2024 ingekuwa na timu gani ya kupandisha? Wazee wetu walisema usione vyaelea, vimeundwa. Kila mvuvi wa ziwa letu analijua hilo.

Kijana, labda wewe ndiye huyo namba tano. Wenzako wanaposti mafanikio, wewe unamuuguza mama. Unalipia ada ya mdogo wako kwa pesa ya bodaboda. Unaimba sauti ya nne kwayani na hakuna anayejua jina lako. Ulikataa rushwa, hakuna aliyekupongeza. Ulimpigia simu rafiki usiku ule alipokata tamaa, yuko hai, na hakuna anayejua. Baba yako anayeona sirini anajua. Kwake yeye, goli ambalo halikuingia limeandikwa.

Na kama umekosea? Wengi wetu tukianguka tunajitoa uwanjani wenyewe: "Mimi tena kanisani, watanionaje?" Angalia beki anavyofanya. Akifungwa hafungashi virago. Mpira unawekwa kati, naye anarudi kwenye nafasi yake. Kwetu kuna kitubio. Nenda, ungama, simama tena pale ulipowekwa. Jumamosi kuna mechi nyingine.

Na kama wewe ni kama mimi, mtu wa jukwaani, jiulize leo: ni nani uliyemhukumu kwa sekunde mbili ukasahau miaka yake kumi? Kabla ya Jumapili, mtafute. Usitume ujumbe tu. Nenda, hata kama utaanzia kwenye kubeba benchi.

Tuombe: Ee Bwana, uliyemwita Mathia kwa sababu hakuondoka, tupe moyo wa kubaki mahali ulipotuweka, hata pasipo makofi. Tukianguka utuinue, na ulimi wetu uwahurumie wanaoanguka. Mtakatifu Mathia, utuombee. Amina.

Jumapili njema, kijana. Tukutane misa ya kwanza.