Kifaranga Mgonjwa: Tungoje au Twende kwa Mganga?



Asubuhi moja, mafundisho yalipokwisha, msichana mmoja wa darasa la pili alibaki nyuma ya wenzake. Mikononi alishika kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa, na ndani yake alilala kifaranga wa bata mwenye umri wa majuma matatu. Mama wa kifaranga yule aliuawa na paka-mwitu, na ndugu zake wote walikufa. Alibaki huyu mmoja, naye mtoto alimlea kando ya jiko, akamfanya rafiki yake. Sasa kifaranga hakuweza kusimama vema. Miguu yake ilijipinda, akajikokota kwa kukalia vifundo vyake.

Mtoto akaniuliza: «Mwalimu, baba amesema nauli ya pikipiki mpaka kwa mganga wa wanyama yapita bei ya kuku mzima. Nikimwacha hivi hivi, je, ni dhambi?»

Nami nilikuwa na haraka ya kuingia darasani. Nikamjibu: «Mwanangu, huyo ni ndege tu. Ngoja, kesho atapona.» Akafunika kikapu chake, akaenda zake bila kusema neno.

Ndugu zangu, jibu lile limenisumbua tangu siku hiyo. Swali la mtoto lilikuwa swali la kweli, lakini jibu langu halikuwa jibu. Leo nataka kulitengeneza mbele yenu.

Methali mbili

Wazee wetu watuambia: Haraka haraka haina baraka. Lakini wazee wale wale watuambia pia: Ngojangoja huumiza matumbo. Je, wamejipinga? Hapana. Wametuachia sisi kazi ya kupambanua saa ya kungoja na saa ya kwenda. Kazi hiyo ndiyo busara, ambayo Kanisa laihesabu kuwa ya kwanza kati ya fadhila nne kuu. Mtu hazaliwi nayo. Hujifunza kwa kutazama na kwa kuuliza.

Katika jambo la wanyama wetu, watu hukosa kwa njia mbili. Mmoja asema: «Ni nyama tu. Akifa, amekufa.» Huyo asahau kwamba mnyama aona maumivu, aona njaa, aona baridi. Asahau pia kwamba kifaranga aliyefungiwa kikapuni hawezi kwenda kujitafutia wadudu na majani kama ndege wa mwituni. Mwenye kumfungia amejitwalia deni la kumtunza. Mwingine ampenda mnyama wake hata awasahau watu wa nyumba yake. Akamnunulia dawa mbwa, na mama yake mzee alala na homa bila kidonge.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha mambo haya mawili pamoja. Kumtesa mnyama au kumwua bila sababu ni kinyume cha heshima ya mtu mwenyewe. Tena haifai kuwatumilia wanyama fedha ambayo kwanza ingepasa kuwaondolea watu taabu yao. Tusichukue fundisho moja na kuliacha la pili.

Baadaye nilijua kwamba juma lile lile ndugu mdogo wa msichana alikuwa na malaria, na fedha yote ya nyumba ilikwenda kwenye zahanati. Basi baba yule hakukosa. Alimweka mtoto wake mbele ya ndege, kama impasavyo kila baba. Kosa lilikuwa la nani? Lilikuwa langu. Kwa maana mtoto hakuniomba faranga hata moja. Aliniomba nitazame, nami sikutazama.

Yafaa kutazama nini?

Ndege huficha ugonjwa wake, kwa maana mwituni ndege aonekanaye dhaifu hukamatwa upesi na adui. Kwa hiyo siku uonapo waziwazi kwamba kifaranga ni mgonjwa, mara nyingi ugonjwa umekwisha kuanza zamani kidogo. Tena mwili wake ni mdogo. Hauna akiba ya nguvu. Ng'ombe aweza kukaa siku mbili bila kula, akaishi. Kifaranga wa majuma mawili akikosa maji na joto usiku mmoja, asubuhi huenda amekufa.

Kuna hali ambazo zaturuhusu kumwangalia nyumbani kwa siku moja. Kifaranga amepungukiwa kidogo na uchangamfu, lakini ala, anywa, afuata wenzake. Au achechemea kidogo kwa kuwa amekanyagwa, lakini asimama. Hapo mtenge na wenzake, umpe mahali pakavu na pa joto. Katika juma la kwanza la maisha yake, kifaranga ahitaji joto la digrii 32 hivi. Kisha lapunguzwa digrii tatu hivi kila juma. Huna kipimo? Mtazame mwenyewe. Akijikunyata na kulialia, aona baridi. Akitweta na kujitenga na moto, aona joto mno. Mpe maji safi katika chombo kinachomwezesha kuzamisha mdomo mpaka puani, kwa maana bata husafisha pua zake kwa maji. Lakini usimwache aogelee. Kifaranga asiye na mama hulowa upesi, na baridi humwua.

Kuna hali nyingine ambazo hazituruhusu kungoja hata mpaka kesho. Zishikeni vema:

Apumua kwa kinywa wazi, au kwa kukoroma, ijapokuwa hakuna joto kali.
Hanywi kabisa, au hawezi kuinua kichwa.
Shingo imelegea kama kamba, au kichwa chajipinda nyuma, au mwili watetemeka na kurusha miguu.
Atoa damu, au ahara maji maji huku amenyong'onyea.
Hawezi kusimama kwa miguu yake.
Wawili au zaidi wameugua pamoja, au mmoja amekufa ghafula na mwingine aanza kulegea.

Uonapo moja la hayo, usiseme «kesho». Tafuta siku ile ile mganga wa wanyama, yule tumwitaye veterineri. Wala usimpe kifaranga vidonge vya watu kwa kukisia. Kipande kidogo cha kidonge machoni pako chaweza kuwa kipimo cha kuua katika mwili wa ndege huyo.

Mgonjwa mmoja, wengi hatarini

Labda mmoja wenu atasema: «Mwalimu, na kama ugonjwa hauna dawa, kwenda kwafaa nini?» Neno hilo ni la haki, nami nalijibu.

Uko ugonjwa wa ini uletwao na virusi, ambao huua vifaranga wa bata, hasa wale ambao hawajatimiza majuma sita. Kifaranga huanguka ubavuni, hurusha miguu, kichwa hujipinda nyuma, na baada ya saa moja au mbili amekufa. Mara nyingi mganga hatamwokoa huyo aliyeanguka. Lakini aweza kutufundisha jinsi ya kuwalinda waliobaki, na majirani wakawalinda wa kwao. Basi hatwendi kwa mganga kwa ajili ya mgonjwa peke yake. Twaenda pia kwa ajili ya wale ambao bado wazima.

Mwaka 2017 homa ya ndege ilionekana katika nchi yetu ya Kongo, mkoani Ituri, kandokando ya Ziwa Albert. Bata na kuku walikufa. Ugonjwa wa namna hiyo hauheshimu mpaka wa ua wala wa kijiji. Na aina zake nyingine zaweza kuwaambukiza watu. Kwa hiyo, ndege wengi wakifa pamoja, kunyamaza si jambo la siri ya nyumba. Anayewachukua wagonjwa upesi sokoni ili wanunuliwe kabla hawajafa amemdanganya jirani yake, tena amempelekea mauti kikapuni. Wala tusile ndege aliyekufa kwa ugonjwa, wala kuwapa watoto wetu wamchezee. Azikwe ndani ya shimo refu, na aliyemshika anawe mikono kwa sabuni.

Sikieni na jambo jingine. Mwaka 1960, huko Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na watu hawakujua sababu. Mwishowe iligunduliwa kwamba walikula chakula cha karanga zilizoota ukungu, na ukungu ule ulitoa sumu ambayo leo yaitwa aflatoksini. Wataalamu walipotaka kuipima sumu hiyo, walitumia vifaranga wa bata, kwa maana hao hudhurika nayo upesi kuliko ndege wengi. Je, mwaona maana yake kwetu? Tukimtupia kifaranga mahindi au karanga zenye ukungu, akafa, yeye ametangulia kutuonya. Gunia lile lile ndilo litokalo unga wa watoto wetu, na sumu ile yadhuru ini la mtu pia. Mwenye kusema «ni ndege tu» na kumtupa jalalani bila kuuliza, ametupa pamoja naye onyo alilopewa bure.

Na asiye na kitu afanye nini?

Najua wengi wetu hatuna fedha, na mganga yu mbali. Mungu hadai kwa mtu asichoweza. Lakini tusitumie umaskini wetu kufunika uvivu wetu. Umaskini waweza kutuzuia kulipa. Hautuzuii kutazama, wala kuuliza, wala kupunguza maumivu. Siku ya soko mganga hupita kukagua nyama, mwulize. Jirani ana simu. Mwombe umwelezee mganga dalili ulizoziona: tangu siku gani, chakula gani, kinyesi cha namna gani, wangapi wameugua. Mganga aliyeelezwa vema aweza kusaidia hata kabla hajafika.

Na ikiwa hakuna tumaini, na kifaranga ateseka? Hapo mtu mzima ajuaye kazi hiyo amchinje upesi, bila kumwachia watoto. Kwa mnyama hiyo ni rehema. Lakini angalieni, ndugu zangu, sisemi hivyo juu ya mtu. Uhai wa mtu mgonjwa si mali yetu. Huyo twamtunza mpaka pumzi yake ya mwisho.

Mwisho wa habari yangu

Siku ya nne ilikuwa siku ya soko. Nilimkuta mganga wa wanyama karibu na banda la wachinjaji, nikamweleza habari ya kifaranga. Akaniuliza neno moja tu: «Anakula nini?» Nikamjibu: «Ugali wa mahindi na wa muhogo, kama watu wa nyumbani.» Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba vifaranga wa bata wahitaji vitamini iitwayo niasini, kuliko hata vifaranga wa kuku. Wakiikosa, miguu yao hulegea na kupinda. Muhogo unayo kidogo, na ile iliyomo katika mahindi imefungwa, mwili hauwezi kuitwaa vema. Akatupa unga wa vitamini wa kutia katika maji ya kunywa, akatuagiza tumpe pia ndagala waliosagwa wasio na chumvi, pumba za mpunga na chachu ya pombe. Bei yake haikufika robo ya nauli ile ya pikipiki.

Kisha akasema: «Mwalimu, ungalikuja siku ile ya kwanza, labda miguu yote miwili ingalinyoka.»

Kifaranga aliishi. Leo ni bata mkubwa. Mguu wa kuume ulinyoka, lakini wa kushoto umebaki umepinda. Nilimwendea msichana nyumbani kwao, nikamwambia mbele ya baba yake: «Mwanangu, uliniuliza vema, nami nikakujibu vibaya. Unisamehe.» Baba yake akanyamaza kidogo, akasema: «Mwalimu, karibu uketi.» Naye mtoto akaleta kiti.

Kila jioni bata yule hupita mbele ya shule akienda kijitoni, akiyumba upande mmoja, na msichana nyuma yake. Nimwonapo, hukumbuka kwamba hakuniomba kitu kikubwa.

Basi ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo, shikeni neno hili. Kitabu cha Mithali, katika sura ya 12, chamhesabu mwenye kuujali uhai wa mnyama wake miongoni mwa wenye haki. Mtu akizoea kupita bila kutazama penye mateso madogo, macho yake huzoea, na siku moja atapita vivyo hivyo penye mateso ya jirani yake. Kwa hiyo, mdogo akiwaletea kikapu chake, wekeni chini mzigo wenu, funueni kitambaa, mtazame. Mkiisha kutazama, ndipo mseme: tungoje, au twende.