Je, Neno la Kweli Laweza Kuwa Uongo?

Mtoto mmoja darasani mwangu hapa Songea alisimama akanena, "Mwalimu, nimemaliza." Hesabu kumi alikuwa amezimaliza kweli, wala hata moja haikuwa sahihi. Nilipomwuliza mbona hakuniambia kwamba zimemshinda, akajibu, "Sikusema nimepata, nalisema nimemaliza." Je, alidanganya?

Swali hili limenikumbusha chombo cha Warusi kilichoitwa Luna 15. Kilirushwa tarehe 13 Julai 1969, siku tatu kabla ya Waamerika kuwatuma watu wao katika Apollo 11. Ndani yake hamkuwa na mtu. Kilikusudiwa kutua mwezini, kuchimba udongo kidogo, na kuurudisha duniani; lakini kusudi hilo halikutangazwa. Kilizunguka mwezi mara 52, hata tarehe 21 kikaanza kushuka. Kwa saa zetu ilikuwa saa 12.50 jioni, jua lilikuwa limekwisha kuchwa, na mwezi, karibu nusu, ulikuwa juu ya vichwa vya watu wa Songea. Armstrong na Aldrin walikuwa wangali huko mwezini, zimebaki kama saa mbili waondoke. Wataalamu wa Jodrell Bank, Uingereza, waliokuwa wakisikiliza ishara za chombo kile, wakasikia zimekatika ghafula. Yadhaniwa kilijigonga mlimani katika uwanda wa Mare Crisium.

Moscow ikatangaza kwamba Luna 15 imefika mwezini na kazi yake imekwisha. Imefika, naam. Imekwisha, naam!

Nisiwaonee Warusi. Kabla ya hapo Mwamerika Frank Borman alimwuliza mtaalamu wao Keldysh njia ya chombo kile, naye akaieleza, ili kisiwahatarishe wale wa Apollo. Basi walijua ya kuwa achimbaye shimo njiani sharti amwambie jirani. Lakini hasara ya shamba langu mwenyewe, je, siwezi kuificha? Naweza, ila nikisema, "Nimekwisha kuvuna," jirani ataniletea debe la mahindi kwa sababu gani?

Mwezi wa Septemba 1970 Luna 16 ilirudi na gramu 101 za udongo wa mwezi. Dunia ikasifu ustadi wao. Subira yao ni nani angaliisifu, hali anguko la kwanza halikutajwa?

Kwa hiyo nasema mtoto yule alidanganya, wala sikumpiga. Tulifungua daftari pamoja. Katika hesabu ya kwanza alisahau kuchukua moja, na kosa lile lile likamfuata mpaka ya kumi.