Uwanja wa Roma na Kichochoro cha Tandale

Katika Mwaka Mtakatifu wa 2025 Wakatoliki wa nchi yetu walikwenda Roma kuhiji, kama walivyokwenda wenzao katika miaka iliyotangulia. Ukiingia katika nyumba za mahujaji hao, waonyeshwa picha: mama amesimama na kitenge chake kipya, na nyuma yake uwanja mpana ulio mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro. Twafurahi pamoja nao, maana wengine walidunduliza miaka mingi ili wapate nauli. Lakini furaha hiyo yatuletea swali ambalo twapenda kulifikiri leo pamoja na wasomaji wetu wapenzi: mtu aliyesimama katika uwanja ule amerudi nyumbani na nini, mbali na picha?

Sisi nasi tulipata neema ya kufika huko. Kwa ajili ya wale ambao hawajauona, tuseme kwanza uwanja wenyewe ulivyo. Ulijengwa kati ya mwaka 1656 na 1667, kwa amri ya Papa Alexander VII, na msanifu wake alikuwa Gian Lorenzo Bernini. Kulia na kushoto ziko nguzo za mawe 284, zimepangwa safu nne nne, nazo zimejipinda kama mikono miwili. Bernini mwenyewe alieleza maana yake: ni mikono ya Mama Kanisa, inayowapokea Wakatoliki na hata wasio wa imani yetu. Katikati umesimama mnara wa jiwe moja, wenye urefu wa mita 25 hivi, uliotoka Misri. Kaisari Caligula aliuleta Roma katika karne ya kwanza, na mwaka 1586 Papa Sixtus V aliuhamishia hapo ulipo sasa. Basi Mwafrika afikapo pale asijione mgeni kabisa, kwani jiwe la bara lake limemtangulia.

Hata hivyo, lililotugusa zaidi ni ile nafasi iliyoachwa. Ardhi ile ni ya thamani kubwa mno. Na kwa zaidi ya karne tatu wenye uwezo wa kuijenga wameitazama kila siku, wala hawakuijenga. Mkataba wa Laterano wa mwaka 1929, uliouanzisha Mji wa Vatikano, wasema kwamba uwanja huo ni sehemu ya Vatikano, lakini kwa kawaida utabaki wazi kwa watu. Mwenye mali amekubali kutojifungia mali yake. Tajiri hupita pale, na maskini hupita, wala hatozwi mtu kiingilio.

Lakini yatupasa kusema kweli yote. Barabara pana inayouelekea uwanja huo, iitwayo Via della Conciliazione, ilianza kufunguliwa mwaka 1936, siku za utawala wa Mussolini, kwa kubomoa nyumba za mtaa wa zamani, na wakazi wake wakahamishiwa pembezoni mwa mji. Basi nafasi ya wazi yaweza kupatikana kwa njia mbili: ama mwenye nguvu ajizuie, ama mnyonge aondolewe. Katika picha nafasi hizo mbili zafanana. Mbele ya Mungu hazifanani.

Sasa turudi nyumbani. Tandale, katika Wilaya ya Kinondoni, ni mtaa uliojengwa na watu wenyewe, bila viwanja kupimwa kwanza. Mtu alinunua kipande, akajenga vyumba vya kupangisha. Jirani yake naye akafanya vivyo hivyo, mpaka mashamba yakawa mji. Lipo soko la nafaka lijulikanalo Dar es Salaam nzima. Vipo vyumba na vibanda, misikiti na makanisa; ila mahali pa wazi ni haba sana. Mwaka 2011, wakazi pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walipoichora ramani ya Tandale, iliwabidi kupita kwa miguu kichochoro kwa kichochoro. Vichochoro hivyo ndivyo uwanja wa watu wa Tandale. Ndipo watoto wanapocheza mpira, ndipo mama anapokaanga vitumbua alfajiri, ndipo turubai la msiba linapofungwa. Na mvua ikinyesha, ndipo maji yanapotafuta pa kwenda.

Katika mtaa huo twamjua muumini mmoja, mtu wa sala, tena mkarimu. Miaka michache iliyopita alikwenda Roma, na aliporudi aliitundika picha ya uwanja ule sebuleni, katika fremu ya rangi ya dhahabu. Mwaka ule ule alijenga upya ukuta wa nyumba yake, akausogeza hatua mbili nje, juu ya njia. Hakuna aliyemzuia. Jirani zake ni wapangaji, na mpangaji hana kauli. Baada ya miezi michache, bibi mmoja wa nyumba ya nyuma alifariki. Wachukuzi wa jeneza walipofika kwenye kona ya ukuta ule, halikupita. Wakalirudisha nyuma, wakajaribu tena. Mwishowe ikawabidi kulisimamisha wima na kulipitisha kama kabati linalohamishwa. Mwana wa marehemu aliugeuzia ukuta uso wake mpaka walipokwisha.

Jambo hilo hatulielezi kwa kumshitaki ndugu huyo. Ukuta ule tuliubariki sisi. Tuliitwa, tukavaa stola, tukanyunyiza maji ya baraka, tukaketi kula pilau. Tuliona wazi kwamba njia imepungua, tukanyamaza, maana mwenye nyumba alikuwa amechangia sana paa la kanisa.

Labda msomaji atasema: Tandale si Roma, watu waliobanwa hivyo watalaumiwaje kwa hatua mbili? Twakubali kwamba shida humsukuma mtu. Mama anayepanga mafungu ya nyanya kando ya njia ili watoto wake wapate kula, hatumhesabu katika kosa hili. Wala asitokee mtu wa kulitumia neno letu kudai matingatinga yaletwe Tandale. Tumekwisha kuona kwamba huo ndio upana unaopatikana kwa kumwondoa mnyonge. Twasema na yule mwenye hiari, ambaye bila hatua zile mbili angekuwa bado na nyumba, na vyumba vya kupangisha, na mlango wa chuma.

Mtu wa namna hiyo aghalabu hajioni mwizi, na hapa ndipo penye hatari. Aibaye kuku wa jirani anamjua aliyemwibia. Atakutana naye kisimani, naye ataona haya. Lakini njia haina mwenyewe wa kuja kubisha hodi. Kilicho cha wote hudhaniwa kuwa si cha mtu. Kumbe aliyekichukua amewaibia wengi kwa mara moja, hata na wale ambao bado hawajazaliwa. Nabii Isaya (5:8) aliwatangazia ole watu walioongeza nyumba juu ya nyumba na shamba juu ya shamba mpaka wengine wakakosa mahali. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba mtu ana haki ya kupata mali na kuisimamia, lakini katika kuitumia asiihesabu kuwa yake peke yake, bali awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Ikiwa yatupasa hivyo juu ya kilicho chetu, je, si zaidi juu ya kile ambacho hakikuwa chetu kamwe?

Na Kanisa lafundisha daima kwamba aliyechukua cha mtu, toba yake yadai akirudishe. Machozi hayatoshi, wala mchango wa paa hautoshi. Ukuta ukiwa umesogezwa mbele, toba yake ni kuusogeza nyuma.

Tulikwenda kwa ndugu yetu mwezi uliopita, tukamwambia maneno hayo, baada ya kumwomba kwanza msamaha kwa kunyamaza kwetu. Alitusikiliza kwa upole, bado hajatujibu. Lakini njiani tulipokuwa tunarudi tulifika kwenye lango la kanisa tunalolihudumia siku za Jumapili. Ua wake ni mpana, nao hufungwa kwa kufuli tangu Jumatatu hadi Jumamosi, nje watoto wakicheza mpira kati ya bodaboda. Hatuna haki ya kudai hatua mbili za mtu, na sisi twafungia ua mzima. Tumeuomba ufunguo kwa halmashauri ya walei. Twawasihi wasomaji wetu, kila mmoja mahali pake, watazame ni nini walichokifunga ambacho Mungu alikiacha wazi.