Wimbo wa Magari

Jumamosi mchana, hapa Base Camp, kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, kijana anayejaza watu nyimbo kwenye simu hutoa spika yake nje ya kibanda. Ananijua, na nikipita hunipigia AZDA ya Franco na OK Jazz. Basi siendi tena kokote mpaka wimbo uishe.

Wimbo huo ulitoka mwaka 1973, nikiwa mtoto wa miaka kumi Bukavu. Nyumbani tulisema Kiswahili. Kilingala nilikiokota redioni. Kwa jinsi zile sauti zilivyobembeleza, niliamini ni wimbo wa mapenzi. Kumbe ni tangazo la kampuni ya Kinshasa iliyouza magari ya Volkswagen! Nilikuja kuambiwa nimeshaota ndevu, na utamu haukupungua hata chembe. Tangu siku hiyo najiuliza: utamu ule ni wa nini hasa?

Wenzangu hunijibu kwamba ni ujana, mtu mzima hulilia ujana wake. Jibu hilo silikatai, ila halinitoshi. Mwaka ule ule, Novemba 30, Rais wetu Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire. Mtaani kwetu kulikuwa na Mgiriki aliyetukopesha chumvi na sabuni, na mama hakuwahi kumlipa kwa wakati. Duka lake likapewa mtu mwingine. Siku ya kukabidhiwa, mwenye duka mpya aliweka gramafoni mlangoni, santuri ya AZDA ikazunguka tangu asubuhi, na mtaa mzima ukajaa barabarani. Nilicheza nikapewa biskuti. Mgiriki alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na sanduku lake moja. Nilimwona, nikaendelea kucheza. Haikuchukua muda, rafu zikabaki tupu na chumvi ikawa ya kutafutwa.

Mkongomani wa rika langu ukimuuliza habari za miaka ile atakwambia tulilazimishwa. Ni kweli, tulilazimishwa. Mwaka 1972 nilivuliwa jina la ubatizo, baba akavaa abakosti, koti la Mobutu badala ya suti na tai, na shuleni tulianza siku kwa kumwimbia na kumchezea Rais. Lakini mbele ya duka la Mgiriki hakuna aliyenishika mkono. Lile neno "sisi" la taifa ni nyumba yenye mlango wa nyuma: wakati wa shangwe tumejaa sebuleni, na siku ya kuulizwa kila mmoja ameshatokea uani. Mtu anaweza kuikana hotuba, kwa kuwa aliitoa mwingine. Miguu yangu nitaikanaje? Naamini utamu wa wimbo ule ni utamu wa kutojua, wa kucheza kabla ya kuelewa ninachezea nini, na ndiyo maana unanichoma.

Mwezi uliopita nilikwenda Mbarara kutafuta miwani. Kwenye baraza la duka alikuwepo mzee Munyankole. Nilipomsalimu kwa Kiswahili alinikazia macho, na nilielewa. Kwa watu wa umri wake hii ni lugha ya askari, lugha ya vizuizi vya barabarani. Rais Idi Amin ndiye aliyeitangaza lugha ya taifa mwaka 1973. Aliponiuliza nimetoka wapi nikasema Congo, uso ukafunguka: "Aa, Franco!" Akaanza kuvumisha wimbo wangu. Akasema waliucheza hapo hapo mjini, wakati maduka ya Wahindi waliopewa siku 90 za kuondoka nchini mwaka 1972 yalipokuwa yameshagawiwa. Kisha akanyamaza. "Na sisi tulicheza, ssebo," alisema, kwa Kiswahili.

Tangu wakati huo Uganda imegeuka. Wahindi waliorudi walirudishiwa majengo, na Julai 2022 baraza la mawaziri likakipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Nafurahi, tena sana. Lakini taifa likigeuka bila hata mmoja kusema "nilikuwepo", sijui kama limejifunza au limebadili nguo tu. Jambo hili linanihusu mwilini. Oktoba 1982, Wanyarwanda walifukuzwa vijijini huku huku Mbarara, majirani wakagawana ng'ombe wao, na wengi wakakimbilia Nakivale hii ninayolala. Leo mgeni ni mimi. Kipande changu cha mahindi kinapakana na malisho ya mwenyeji, na tunasalimiana vizuri. Ila nikipewa nafasi ya kuchagua jirani, namtaka yule mzee wa barazani.

Jumamosi iliyopita kijana wa nyimbo aliniuliza Franco anasema nini. Nikamwambia anauza magari. Alicheka mpaka akashika meza. Nilingoja amalize, nikavuta jerikeni nikakalia, nikamwambia apunguze sauti kidogo, nimweleze habari za biskuti.